Tafakari ya Siku ya 19: Mama Akitoka Bila Kikapu

Poleni na swaumu. Poleni zaidi ninyi mnaosoma hapa huku mkono mmoja umeshika mwiko.

Leo nina swali lililoulizwa kwenye darsa la akina mama wiki iliyopita. Aliyeuliza ni mama wa watoto wanne. Nimemwomba ruhusa, amekubali nilisimulie, jina nimeliacha. Anasema mvua ikikatika na Matogoro ikaonekana safi, kijani mpaka kileleni, moyo wake unataka kwenda. Apande na wanawe, wakae juu huko, wautazame mji, warudi. Akamwambia mumewe. Mume hakukataa wala hakugomba. Aliuliza tu, "Mnakwenda kufanya nini huko?" Mama akakosa jibu, na safari ikafia hapo hapo sebuleni.

Sasa anauliza: kule kukosa jibu, si ndiyo dalili kwamba jambo lenyewe ni upuuzi? Na Muislamu si ataulizwa umri wake aliumalizia wapi?

Usilichukulie jepesi swali hili, ndugu yangu. Wengine pale darasani walicheka, lakini niliona wengi wametulia kimya, na ukimya ule si wa mtu ambaye halimhusu.

Hebu tuanze na tunayoyaona kwa macho. Hakuna anayeweza kusema wanawake wa Songea wamefungiwa ndani. Alfajiri wako njiani kwenda shamba, wengine sokoni, wengine bondeni kwenye bustani za mboga. Kuni zinatafutwa na nani? Msibani nani anafika wa kwanza na kuondoka wa mwisho? Mvua zikishika, wanaingia porini kutafuta uyoga. Msimu wa masuku ukifika wanarudi na ndoo zimejaa, na watoto midomo inanata.

Sasa wewe kaa na akina mama hao wanaporudi, uwasikilize. Utajua hawakufuata uyoga peke yake. Wamecheka huko mpaka mbavu zikauma. Wamesimuliana yaliyowakaa kifuani mwezi mzima. Mmoja amevua kandambili akatumbukiza miguu kwenye kijito, akakaa hivyo bila kusema neno. Wamerudi wamechoka mwili, lakini nyuso zimefunguka. Ila hayo hayasemwi nyumbani. Nyumbani kinachoonyeshwa ni uyoga.

Kwa hiyo kikapu ndicho ruhusa. Mwanamke akiwa na kikapu mkononi au ndoo kichwani, hakuna anayemuuliza anakwenda kufanya nini. Mvue kikapu, miguu ni ile ile, njia ni ile ile, stara ni ile ile, lakini jina la safari limeshabadilika. Anazurura. Hana kazi. "Mama Fulani siku hizi kawaje?"

Na baba je? Baba anasema "natoka kidogo" na sentensi imekamilika. Mwezi huu hasa, baada ya alasiri, tukisubiri adhana, tunajaa barabarani tunapunga upepo mpaka harufu ya futari ituite. Sisemi hivyo ili kumlaumu mtu, na kupunga upepo ukiwa umefunga ni jambo jema. Nasema tu kwamba upepo huo huo ungemfaa na aliye jikoni.

Tuje kwenye dini. Katika Sahihi Bukhari imo habari ya Mama yetu Sauda (r.a.). Alitoka usiku kwa shida zake, baada ya aya ya hijabu kushuka. Alikuwa mwanamke mwenye mwili mkubwa, ukimjua humkosei. Umar (r.a.) akamtambua, akamwambia hilo kwa sauti. Sauda akarudi, akamkuta Mtume (s.a.w.) anakula chakula cha usiku, mfupa wenye nyama uko mkononi mwake. Akamweleza. Wahyi ukamshukia Mtume pale pale, mfupa bado uko mkononi, kisha akawajulisha wake zake kwamba wameruhusiwa kutoka kwa haja zao.

Kwa haja zao. Basi swali la mama yetu wa wiki iliyopita ni hili hasa: haja ni nini? Sisi tumezoea kuisoma kama orodha ya dukani: maji, soko, hospitali, msiba, jamaa. Lakini tumbo likiwa na njaa tunaita haja. Kifua kikibanwa na mambo tunakiitaje? Mwili ukichoka tunaupumzisha. Moyo wa mtu aliyeamka saa tisa usiku kupika daku, akalala baada ya tarawehe na vyombo, siku kumi na tisa mfululizo, huo tunausubiri mpaka uugue?

Tazama alivyokuwa Mtume mwenyewe. Mama yetu Aisha (r.a.) anasimulia kwamba alikuwa naye safarini. Mtume akawaambia watu watangulie mbele. Walipokuwa mbali, akamwita mkewe washindane mbio. Aisha akamshinda. Miaka ikapita, Aisha akanenepa, wakashindana tena katika safari nyingine, safari hii Mtume akashinda, akamwambia kwa utani kwamba hii ni badala ya ile. Habari hii wameipokea Abu Daud na wengine. Mimi hupenda kuisimamisha pale watu walipoambiwa watangulie. Kiongozi wa umma ana msafara mzima nyuma yake, na anausogeza ili mke wake apate uwanja wa kukimbia bila kutazamwa. Ndani ya mbio zile kulikuwa na uyoga gani? Kuni zipi?

Kuna hili lingine ambalo kila mwaka linasomwa kabla ya Idd na kila mwaka linapita. Ummu Atiyya (r.a.) anasema waliamrishwa kuwatoa wanawake siku ya Idd kwenda uwanjani: wasichana walio ndani, na hata wenye hedhi. Wenye hedhi wakae pembeni ya wanaoswali, lakini watoke, waishuhudie kheri na dua ya Waislamu. Mmoja akauliza, na asiye na jilbabu? Akajibiwa kwamba mwenzake amuazime.

Tafakari hapo. Mwenye hedhi haswali. Tungemuuliza kwa ulimi wetu wa Songea, "Unakwenda kufanya nini?", angekosa jibu kama yule mama. Haswali, hauzi, hanunui, habebi kitu. Anakwenda kuwepo. Anakwenda kuona. Na asiye na nguo hakuambiwa "basi baki", alitafutiwa nguo. Ina maana kuwepo kwake nje, chini ya mbingu, pamoja na watu wake, kulihesabiwa kuwa ni jambo linalostahili kuhangaikiwa.

Mtu atasema, ile ni Idd, ni ibada, usilinganishe na kupanda mlima. Kweli, si sawa. Silinganishi thawabu. Ninachokitoa pale ni kimoja tu: mwanamke kutoka bila kazi ya kufanya si lazima iwe upotevu.

Mwingine ataleta aya ya Suratul Ahzab inayowaambia wake wa Mtume watulie majumbani mwao. Aya ni ya Mola wetu, tunaiamini na hatuizungushi. Lakini isome mpaka mwisho wake uone inakataza nini: kujishaua na kujipamba mbele za watu kwa mtindo wa zama za ujahili. Na wake hao hao walioshushiwa aya walitoka na Mtume kwenda Hijja. Kwa hiyo utulivu wa nyumbani ni asili, nakubali. Asili si kufuli.

Tena wako waliotamani mbali. Ummu Haram bint Milhan (r.a.), mama yake mdogo Anas bin Malik, Mtume alilala kwake mchana, akaamka anacheka. Akamsimulia kwamba ameonyeshwa watu wa umma wake wakipanda bahari kama wafalme kwenye viti vyao. Wengi wetu tungesema "mashallah" tukaendelea kupika. Yeye alisema: niombee Allah anijaalie niwe miongoni mwao. Mwanamke wa Madina, mji usio na bahari! Mtume akamwombea. Miaka zaidi ya kumi na saba ikapita, akiwa mtu mzima, akapanda jahazi pamoja na mumewe Ubada bin Samit, kwenye msafara wa Muawiya kwenda Kupro, mnamo mwaka 28 Hijria. Huko alianguka kutoka kwenye mnyama aliyempanda, akafa. Kaburi linalojulikana kuwa lake lipo mpaka leo karibu na mji wa Larnaca. Ile ilikuwa safari ya jihadi, si matembezi, na hilo lazima lisemwe. Ila kutamani kule, kwa mdomo wake mwenyewe, hakukukemewa.

Bi Hajar simtumii hapa, ingawa najua mlikuwa mnamsubiri. Mbio zake kati ya Safa na Marwa zilikuwa za mtoto mwenye kiu. Yeye alikuwa na kikapu chake, tena kizito.

Sasa wewe mama. Ukienda, nenda na mengi zaidi ya mwili. Qur'ani imewataka watu watazame jinsi mbingu ilivyoinuliwa, milima ilivyosimikwa na ardhi ilivyotandazwa. Mwanao anasoma sura hiyo madrasa, ameihifadhi, Suratul Ghashiya. Nani atakayemsimamisha mbele ya mlima na kumwambia "huu sasa"? Matogoro ndiko unakoanzia Mto Ruvuma, ule ule unaokwenda kuwa mpaka wetu na Msumbiji na kuishia Bahari ya Hindi. Sehemu ya maji ya bomba mnayotawadhia yanatoka kwenye safu hiyo hiyo. Mtoto akilijua hilo akiwa amesimama pale, siku ya pili hataacha bomba linatiririka huku anasukutua. Nenda naye bustani ya wanyama ya Luhira, iko hapa hapa mjini. Nenda naye Mahenge kwenye Makumbusho ya Majimaji, asimame mbele ya kaburi la mashujaa walionyongwa tarehe 27 Februari 1906, ajue kuwa miongoni mwao anatajwa mwanamke, Nduna Mkomanile. Na Allah akikunjulieni mfuko, siku hizi lami imefika Mbamba Bay. Kuna watu wazima katika mji huu, wamezaliwa mkoani Ruvuma, ambao Ziwa Nyasa wanalijua kwa dagaa wake tu.

Lakini siku nyingine nenda bila hata hiyo nia ya kuwafundisha watoto. Nakwambia hivyo kwa sababu nakujua: utakigeuza na chenyewe kuwa kikapu. Utapanda mlima mzima ukihesabu nani amekunywa maji, nani amechafua nguo, na ukishuka hukuuona mlima. Nenda na mama wenzako wawili watatu mnaoaminiana. Kaa. Mdhukuru Mola wako pale juu kwa dakika kumi bila mtu kukuita "mama".

Mipaka mnaijua, sitairefusha. Mume ajue na aridhie. Stara iwepo, swala isipite. Sasa hivi mmefunga na njia zinateleza, kwa hiyo mlima usubiri Shawwal mvua zikipungua. Msiingie msituni mtu mmoja mmoja. Matogoro ni msitu wa hifadhi, waulizeni watu wa misitu kwanza. Suala la mwanamke kusafiri mbali bila maharimu lina maelezo yake kwa masheikh, kalipeleke huko. Matogoro si safari ya mbali, unaiona ukiwa sokoni.

Na wewe baba uliyeuliza "mnakwenda kufanya nini", najua hukuwa na ubaya. Labda ulihofia nauli, au maneno ya majirani, au ni mazoea tu. Jibu lake mkeo alikuwa nalo, ila sisi hatukumzoesha kwamba jibu hilo linapokelewa. Anakwenda kuona alichoumba Allah, na kupumua. Likikutosha, mwambie leo baada ya kufturu.

La mwisho ni la karibu zaidi. Zimebaki siku kumi au kumi na moja. Idd ya nyumba nyingi hapa mjini tunaijua: watoto na nguo mpya, baba na kanzu, wanakwenda uwanjani, wanapita kwa jamaa, wanapiga picha, na mama yuko na sufuria la pilau tangu alfajiri, anawaona wanaondoka na anawaona wanarudi. Kaeni mlipange jambo hili mapema, ndani ya kumi hili la mwisho. Nyama inaweza kuchemshwa usiku. Vijana wa kiume wanaweza kumenya vitunguu, mikono wanayo. Pilau la saa nane mchana halina dhambi. Na kama kuna dada asiye na jilbabu nzuri ya kutokea, wenye mbili mbili mnajijua.

Kesho inshallah tutazungumzia itikafu na namna ya kuingia kumi la mwisho. Darsa la akina mama ni Jumamosi baada ya swala ya adhuhuri, kama kawaida. Wabillahi tawfiq.