Jina Limefutwa, Mtu Anajulikana

Chukua mfano wa kubuni. Jarida la kitabibu linachapisha kisa cha mwanamke wa miaka 34, muuza ndizi mpakani Kabanga, mama wa mapacha, aliyefika hospitali na uvimbe usio wa kawaida. Jina halimo. Macho yamezibwa kwa kipande cheusi. Mhariri aliye London hamjui. Pale Kabanga ameshatajwa.

Nayasema haya nikitaka madaktari wa Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, waandike zaidi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kuripotiwa nchini Tanzania walitoka mkoa huu, mwaka 1983, na waliotushtua ni waganga waliotazama wagonjwa wao wakaona hali isiyofanana na waliyoizoea. Daktari wa wilaya huona mambo ambayo hospitali kubwa za Dar es Salaam haziyaoni. Akinyamaza, maarifa hayo yanaishia kwenye faili.

Lakini mkoa huu unajua pia ugonjwa unavyoweza kuiandama nyumba. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza ugonjwa wa Marburg Biharamulo. Hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha, Machi 13, walikuwa wamehesabiwa watu 10: 2 waliothibitishwa na maabara na 8 waliodhaniwa kuugua. Wote walifariki. Nchi ilistahili kuambiwa, na upesi. Ila watu 10 katika wilaya moja ni wachache mno kujificha kwenye takwimu. Andika umri, kazi, na nani alimuuguza nani, na wenyeji watakutajia majina. Tangazo la dharura lina udhuru wake. Makala ya kisayansi inayoandikwa miezi kadhaa baadaye haina haraka hiyo. Mwandishi wake ana muda wa kwenda kupiga hodi.

Kamati nyingi za maadili hazidai mapitio kamili kwa kisa cha mgonjwa mmoja, na hapo mwandishi hudhani kazi imekwisha. Hata angekuwa na kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, mkononi, kamati haiwezi kumjibia mgonjwa. Mwongozo wa kimataifa wa wahariri wa majarida ya tiba unasema kuziba macho hakutoshi, na kwamba mgonjwa anayeweza kutambulika aonyeshwe andiko kabla halijachapishwa. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo inahesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti. Basi kazi, kijiji na mapacha viondolewe ikiwa havihusiani na ugonjwa. Kuondoa ni halali. Kubadilisha umri au jinsia ili kuficha ni kudanganya madaktari wenzako.

Linalonisumbua zaidi ni namna ya kuomba. Mtu amelala wodini, dripu mkononi, na anayemletea fomu ndiye anayemtibu. Nani atakataa? Aombwe akishapata nafuu, na mtu asiyemtibu, kwa Kihangaza au Kishubi kama ndiyo lugha anayoisikia vizuri. Aambiwe kwamba picha ikishaingia kwenye intaneti hairudishwi, kwamba wanawe wanaweza kuiona siku moja, na kwamba akikataa matibabu yake yatabaki yaleyale.

Aliyefariki hawezi kuulizwa, kwa hiyo huulizwa ndugu. Hapo pagumu. Mume anaweza kuweka saini ambayo mama mzazi wa marehemu asingeiweka kamwe. Au marehemu mwenyewe alikufa akiificha siri hiyohiyo inayoombewa ruhusa sasa. Kwa maoni yangu matanga yaishe kwanza, kisha daktari aende mwenyewe akae na ukoo, aeleze anataka kuandika nini na nani atasoma, na awaachie siku za kushauriana bila yeye kuwepo. Wakirudi na jibu la hapana, kisa hicho kisichapishwe, hata kingekuwa cha kwanza cha aina yake Afrika Mashariki. Sayansi itakuwa imepoteza kitu, na naona ni sawa ipoteze.