Mlango wa Toba na Mlango wa Tabibu

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baadu.

Enyi ndugu Waislamu, ulevi ni haramu, wala hapana hitilafu. Walakini kumlaani mlevi siko kumtoa katika ulevi. Zama za Mtume (S.A.W.) alikuwako mtu aliyeletwa mara kwa mara kwa kosa la kulewa, akapigwa kwa hukumu ya sheria. Sahaba mmoja akamlaani. Mtume akamkataza, akabainisha ya kuwa mtu yule ampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Hukumu ilipita, na mlango haukufungwa.

Basi na ifikiriwe hali ya mtu wa Namawala, katika bonde la Kilombero. Pombe imemshika, akili imechafuka, usiku hapati usingizi. Jamaa wakampeleka Ifakara kwa tabibu, akaambiwa arudi. Mvua zikaja, njia zikajaa maji. Kisha akahamia shambani, akakaa dunguni kulinda mpunga na ndege. Siku ya kurudi ikapita. Akaona haya, akanywa tena. Msikitini watu wakajitenga naye. Huyu hakukosa dawa. Alikosa mtu wa kumrudisha kwenye dawa.

Matabibu wamelijua jambo hili. Katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, walioshikwa na heroini walianza kupewa methadoni mwaka 2011: mgonjwa alikuwa akija kila siku, akainywa mbele ya mhudumu. Dawa hiyo si ya pombe, lakini dasturi yake yafaa kwa kila mraibu: aje, aonekane, ajulikane kwa jina, na asipokuja aulizwe.

Kazi hiyo jamaa wa msikiti waiweza. Mmoja amkumbushe siku yake na kufuatana naye. Wengine wamchangie nauli. Akiwa dunguni apelekewe habari. Akikaa siku saba hakunywa, asifiwe. Akianguka, asikaripiwe mbele ya watu, bali arudishwe upesi. Wala asifungiwe ndani aache ghafula: mlevi wa miaka mingi akiacha kwa siku moja huweza kushikwa na kifafa na kufa. Apelekwe kwa tabibu.

Hata khamri haikuharimishwa siku moja. Kwanza watu walielezwa madhara yake, kisha wakakatazwa kuikaribia sala hali wamelewa, kisha ikaharimishwa yote. Hii si ruhusa ya kunywa kidogo kidogo, maana sheria imekwisha timia. Ni funzo kwa mwenye kulea watu. Na Mtume amefundisha kuwa amali ipendezayo zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo, ijapokuwa ndogo.

Kwa hiyo anayemshika mkono ndugu yake leo, na amshike tena juma lijalo. Ewe Mola, waponye wagonjwa, uwakubalie toba wenye kutubu, na uwape subira wenye kuwaongoza. Amin.