Mizani Isiyokumbuka

Je, hakimu asiyekumbuka lolote aweza kuwa mwadilifu? Swali hili huletwa, pasipo kutarajiwa, na elimu ya kompyuta, katika kile kiitwacho otomata: mashine ya kufikirika ambayo Michael Rabin na Dana Scott waliichambua katika makala yao mashuhuri ya mwaka 1959.

Otomata ina hali chache zinazohesabika. Huanza katika hali moja maalumu. Husoma alama moja moja. Na kwa kila hali na kila alama njia ya kuendea ni moja tu, haina hiari. Alama zikiisha, hutazamwa imesimama wapi. Ikiwa ni katika hali ya kukubali, maneno hupokewa. La sivyo, hukataliwa.

Tuchukue mshororo wa mizani 16: "Mwani wa Paje hukua, kwa kupwa na kwa kujaa." Otomata ya kuupima yahitaji hali 18: kuanzia 0 hadi 16, na moja ya shimo, ambamo silabi ya 17 huitumbukiza isitoke tena. Hali ya 16 pekee ndiyo ya kukubali. Mashine hii haimpendelei malenga wala haimwonei mwanafunzi, kwani haijui jina la mtunzi. Lakini ikifika hali ya 8, haijui imepitia silabi zipi. Mtu akiandika "la" mara 16, naye hupokewa.

Lugha yetu imeupa urari wa shairi na chombo cha kupimia uzito jina moja. Huko Paje, ambako kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwaka 1989, wakulima, walio wengi wanawake, hulipwa kwa kilo. Mizani haiulizi mtu alisimama majini saa ngapi, wala haijui kwamba joto la bahari limeidhoofisha kotonii, aina yenye bei nzuri zaidi. Kilo ni kilo. Usahaulifu huo ni kinga dhidi ya upendeleo. Ni upofu pia.

Basi mizani tuiweke mahali pake: ni shahidi mwaminifu, si kadhi. Itwambie kiasi, namna kilivyopatikana ni wajibu wetu kuuliza. Wahenga walinena: usione vyaelea, vimeundwa. Mashine huona kinachoelea tu. Apangaye bei kwa kusoma namba peke yake amejigeuza otomata, ilhali yeye ana hiari. Na mwenye hiari ndiye aulizwaye.