Usiharakishe Kufungua Tanuru

Andiko: Ufunuo 15:2; 1 Wafalme 19:1-8



Yohana anaona bahari, lakini ni ya kioo, na moto umo ndani yake. Walioshinda wamesimama pale na vinubi. Tunapenda kuhubiri ushindi wao. Leo tuangalie kioo chenyewe.

Sisi wa Kitengela hatuna udhuru wa kutojua kioo. Nani Croze na mwanawe Anselm wamelitangaza jina la mji wetu kwa sanaa hiyo, na pale Kitengela Hot Glass vioo vilivyotupwa huyeyushwa vikawa glasi na mapambo. Siku hizi hata nyumbani watu wanajaribu. Dada mmoja wa ushirika wetu hapa Kisaju alitoka Diani na bahari imemjaa kichwani. Huku kwetu tuna vumbi la barabara ya Namanga, si mawimbi! Basi akatafuta tanuru ndogo ya stima, akapanga vipande vya kioo vya bluu na kijani, akanyunyiza kioo cheupe kilichosagwa kiwe povu la wimbi, akawasha.

Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo nikamwuliza habari ya saa. Kwenye joto la juu, nyuzi 800 hivi, vipande hukaa dakika 10 au 15 tu, vikashikana kuwa kitu kimoja. Halafu joto hushushwa hadi karibu nyuzi 500, hushikiliwa hapo, kisha hushuka polepole usiku kucha. Moto mkali ni wa dakika. Kupoa ni kwa masaa.

Ukifungua mapema je? Nje hukaza wakati ndani bado kuna joto. Mvutano unabaki ndani, hauonekani. Kioo kinaweza kupasuka papo hapo, ama kikapendeza mezani wiki tatu, halafu kikapasuka bila kuguswa na mtu.

Ndugu yangu, sasa mwangalie Eliya. Karmeli moto ulishuka, watu wakaanguka kifudifudi. Sura inayofuata, yuko chini ya mretemu anaomba afe. Je, Mungu alimpangia mkutano mwingine? La! Alimwacha alale. Malaika akamletea mkate na maji. Akala, akalala tena, akaletewa tena. Safari ya Horebu ilikuja baadaye.

Tuseme ukweli. Mama amezika mume; Jumapili ya pili tunampa maikrofoni atoe ushuhuda. Kijana ana mwezi mmoja tangu aache pombe, tayari tumemfanya kiongozi wa vijana. Wanatabasamu, wanasema Mungu ni mwema, tunapiga vigelegele. Miezi michache baadaye hawaonekani, na sisi tunasema imani yao ilikuwa changa. Pengine imani haikuwa na shida. Pengine ni sisi tuliofungua tanuru.

Lakini sikiza: kupoa polepole si kuachwa peke yako. Stima ikipotea katikati ya kazi, joto hushuka kwa kasi, na kioo kiko hatarini vilevile. Tanuru hupunguza joto kidogo kidogo. Haimtupi mtu kwenye baridi. Malaika hakumhubiria Eliya, lakini alirudi mara ya pili.

Kwa hivyo juma hili mfikirie mtu mmoja aliyetoka motoni. Mpelekee unga na mboga. Keti naye, usimdai ushuhuda. Rudi tena mwezi wa tatu, wakati watu wa matanga wameshaenda kwao. Na wewe ambaye bado huna nguvu ya kusimama mbele, kimya chako si kurudi nyuma. Aliyekupitisha motoni bado ameshika joto lako, na wimbo wako utakuja.

Tuombe: Baba, tupe subira na wale unaowaponya. Utufundishe kurudi mara ya pili. Katika jina la Yesu. Amina.