Kijana na Bendi ya Chuo

Wapo vijana wetu waendao kusoma vyuoni Marekani, nao huulizwa kama watajiunga na bendi ya chuo, ile ipigayo tarumbeta na ngoma huku ikienda gwaride uwanjani. Wazazi husema ni kupoteza ada. Sisi tuliozeekea darasani hatukubali.

Bendi hufundisha kuahidi. Tangu mwaka 1936 wanabendi wa Chuo Kikuu cha Ohio State huandika neno “Ohio” kwa kutembea. Mmoja akikosea hatua, herufi huharibika mbele ya watu wote. Mwenye nia nusunusu na asiingie.

Lakini liko zito kuliko hilo. Novemba 2011 kiongozi wa gwaride katika bendi ya Florida A&M alikufa baada ya kupigwa na wanabendi wenzake ndani ya basi, kwa desturi yao ya kupimana. Bendi ikasimamishwa hadi mwaka 2013. Basi kijana na ajiulize: siku wenzangu wote watakapokubali uovu, nitaweza kutoka mstarini? Asiyeweza, hata kwaya (tunasema kweli) ina hatari kwake. Awezaye na akajiandikishe, na wazazi wasinung’unike. Alama zake tutaziuliza mwisho wa muhula.