Mavumbi Yetu Yalitoka Wapi?

Twaamini ya kuwa mtu aliumbwa kwa mavumbi. Lakini mavumbi yenyewe yalitoka wapi? Mwaka 1957 Margaret Burbidge na wenzake watatu walieleza ya kuwa nyota ni kama tanuru: kwa joto kuu haidrojeni huungana ikawa heli, heli ikawa kaboni, na katika nyota kubwa hata chuma hufanyika. Nyota hizo zikipasuka, vitu hivyo hutawanyika angani, navyo vilitumika kuifanya dunia yetu. Basi chuma cha jembe letu, na chuma kilichomo katika damu yetu, vilitoka katika tanuru hizo. Je, elimu hii yampunguzia Mungu utukufu? La, yatupunguzia sisi kiburi. Amdharauye jirani kwa ajili ya ukoo wake huyadharau mavumbi yake mwenyewe.