Kazi ya Kushika

Chuma kinachocheza hakifanyiki kazi. Msumeno ukikikuta kinatikisika, meno yake yanang'oka. Keekee inapotokea upande wa pili wa bamba ambalo halikufungwa barabara, ncha yake hulinyakua bamba na kulizungusha kwa kasi ya kukata vidole. Kwa hiyo kila kazi ya karakana huanza na swali ambalo halimo katika mchoro wala katika bei mliyopatana na mteja: nani atashika?

Huku Baraka, mji wa eneo la Fizi kando ya Ziwa Tanganyika mashariki mwa Kongo, na katika vijiji vya barabara iendayo Uvira kama Lusenda na Mboko, jibu la kawaida ni mtoto. Karakana ya nyumbani kwetu ni kibanda cha mabati uani, chenye jenereta, mashine ya kuchomelea, keekee ya mkononi, nyundo mbili tatu na pande la chuma kizito linalotumika kama fuawe. Fundi anaunga mlango, au kitanda, au kiunzi cha mashine ya kusagia mihogo, au kikalio cha injini nyuma ya boti ya wavuvi. Kando yake amechuchumaa mvulana aliyeshika ncha ya pili ya chuma. Amegeuza uso maana ameambiwa asitazame mwanga, lakini hawezi kushika sawasawa bila kuchungulia. Joto linatembea ndani ya chuma hadi viganjani.

"Papa, kinaunguza."

"Vumilia, mwanangu, kimebaki kidogo."

Usiku macho yanamwasha, machozi hayakatiki. Kesho yake anashika tena.

Sisemi hivi ili kuwalaumu mafundi. Wengi wao walianza hivyo hivyo, na jiliwa, yaani etau, bei yake ni kubwa, ilhali mtoto wa ndugu yupo tayari nyumbani. Nasema kwa sababu nimeamini kwamba kibano, hata kile kilichotengenezwa kwa springi iliyovunjika, kina maana moja inayozipita nyingine zote: kinasimama mahali pa mtu. Anayetengeneza kibano anamrudishia mwenzake mikono miwili.

Kutafuta maana katika kitu cha kazi si jambo geni Fizi. Wabembe, wenyeji wa huku, wana urithi wa chama cha jadi cha Bwami wanaoushiriki na Walega, na katika Bwami mafundisho hayatolewi kwa maneno matupu. Kitu huonyeshwa, watu hucheza, na msemo hufuatana nacho. Wala si sanamu za mbao na za pembe peke yake; kwa Walega hata mdomo wa hondohondo na gamba la kakakuona hubeba fundisho, vitu ambavyo mpita njia angevikanyaga asivitambue. Aliyefundwa namna hiyo hangeshangaa kumwona mtu mzima ameketi na bolti mkononi akiitafakari.

Kibano rahisi kuliko vyote vya mezani ni bamba moja, bolti moja na kigogo kimoja. Bamba hutoka kwenye springi ya lori, na barabara zetu zinavunja springi za kutosha. Chuma hicho ni kigumu mno kwa keekee ndogo, kwa hiyo unakitia motoni hadi kiwe chekundu, unakifukia ndani ya majivu makavu na kukiacha humo mpaka kipoe chenyewe. Kikipoa polepole hivyo, kinalainika. Unatoboa matundu yanayofuatana katikati ya bamba, unavunja kuta zilizobaki kati yake kwa tindo, kisha unasawazisha kwa tupa mpaka upate mfereji ambamo bolti inaweza kusogezwa mbele na nyuma. Ncha moja ya bamba hukalia kazi, ncha nyingine hukalia kigogo, na bolti hupita katikati yao kwenda kushika meza.

Hapo pa bolti ndipo wengi wanapokosea. Huiweka karibu na kigogo, kwa sababu huko inaonekana imekaa mbali na njia ya chombo kinachokata. Lakini bolti ikiwa katikati kabisa, nusu ya nguvu yake inaenda kwenye kazi na nusu inaishia kwenye kigogo. Ukiisogeza ibaki theluthi ya urefu kutoka kwenye kazi, theluthi mbili za nguvu zinaishika kazi. Ukiirudisha nyuma kwa kiasi hicho hicho, kigogo ndicho kitakachoshikwa kwa theluthi mbili, tena kigogo hakuna anayetaka kukikata. Kimo chake nacho kiwe juu ya kazi kwa unywele tu. Kikiwa chini, bamba litalala kinyumenyume, litaibana kazi kwenye ukingo na kuisukuma nje.

Nimekaa na hesabu hii ya theluthi kwa muda mrefu. Nguvu humfikia zaidi aliye karibu na bolti. Tangu wakimbizi wa vita walipoanza kurudi, mji wetu umeona misaada ya kila namna ikija na kuondoka, na mara nyingi kilichokazwa kwa nguvu zaidi kilikuwa kigogo: ofisi, gari, uzio. Si kwamba nguvu haikuwapo. Bolti ilikuwa imewekwa mbali na kazi.

Tuiangalie bolti yenyewe. Ile ya kawaida ya unene wa milimita 12 ina uzi unaosonga milimita 1.75 kwa kila mzunguko. Ukiikaza kwa spana ya sentimita 20, mkono wako unatembea karibu sentimita 126 ili bolti ishuke chini ya milimita 2. Kwa hesabu kavu, nguvu ya mkono ingezidishwa mara 700 na zaidi. Haizidishwi kiasi hicho, kwa kuwa sehemu kubwa inaliwa na msuguano ndani ya uzi na chini ya nati. Ni rahisi kuuona msuguano kama hasara tupu. Lakini ondoa mkono kwenye spana: bolti hairudi. Kinachoizuia ni msuguano ule ule. Kama uzi ungekuwa laini kabisa, usiokula chochote, kibano kingefunguka saa ile ile unapokiachia, na ingebidi mtu asimame hapo akishikilia spana mchana kutwa. Kwa hiyo tunarudi kwa yule mvulana. Sehemu ile ya jasho lako iliyoonekana kupotea ndiyo inayokaa pale kwa niaba yako baada ya wewe kwenda kufanya jambo lingine.

Katika kibano cha umbo la U, kile ambacho bolti yake huisukuma kazi moja kwa moja, kuna kisahani kidogo kwenye ncha ya bolti. Mafundi wengi hukiacha kwa kuona ni pambo. Bila hicho, ncha inayozunguka huisogeza kazi pale pale inapoikamata, na mstari ulioupima kwa makini unahama wakati wa kukaza. Kisahani hukubali bolti izunguke nyuma yake, chenyewe kikiwa kimetulia juu ya kazi. Nguvu inapita, mzunguko haupiti. Nakipenda kisahani hiki kuliko sehemu nyingine zote. Nawafahamu wazee wa namna hiyo katika mabaraza ya vijiji, wanaopokea ghadhabu ya upande mmoja na kufikisha hoja yake kwa upande wa pili bila kuupotosha.

Sasa fumbo. Lile bamba la kwanza la kibano lilishikwa na nini lilipokuwa likitobolewa? Ili kutengeneza kibano unahitaji kibano. Henry Maudslay, aliyetengeneza London karibu na mwaka 1800 mashine maarufu ya kukereza nyuzi za skrubu, alikutana na jambo hilo hilo, maana mashine yake ilihitaji skrubu iliyo sahihi ili ikate skrubu iliyo sahihi. Ukifuata ukoo wa vifaa kurudi nyuma unavikuta vinazidi kuwa rahisi: kabari iliyogongwa, kamba iliyosokotwa kwa kijiti hadi ikakaza, ukanda wa mpira wa gurudumu la baiskeli uliozungushwa mara nyingi. Mwishoni kabisa unaukuta unyayo wa mtu umekanyaga, na mkono wa mwingine umeshika. Hakuna kibano duniani ambacho ukoo wake hauishii kwenye mwili. Kila jiliwa linalong'aa dukani lina mtu huko nyuma aliyevumilia joto ili lipatikane.

Ng'ambo ya ziwa, Kigoma, kuna meli inayonifanya niwaze hivyo. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kufungwa katika makasha yapatayo 5,000. Vipande vilipita Dar es Salaam na kusafirishwa hadi kwenye ziwa, na mwaka 1915 meli, wakati huo ikiitwa Goetzen, ikashushwa majini. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Majina ya mafundi watatu waliotoka Ujerumani kusimamia kazi yanajulikana: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Lakini mabati ya meli ya namna ile yaliungwa kwa ribiti, na ribiti haipigwi na mtu mmoja. Mmoja hupiga nyundo. Mwingine, upande wa pili wa bati, hukandamiza pande zito la chuma dhidi ya kichwa cha ribiti ili kisirudi nyuma. Yule wa pili haonekani, naye anapata mshtuko wa kila pigo mifupani. Majina ya walioshika hayasimuliwi.

Pengine ndivyo kushika kulivyo. Kibano hakibaki ndani ya kitu kilichotengenezwa. Ukinunua mlango, unalipa chuma, rangi na kitasa. Vibano vilivyoushika ili pembe zake zikae mraba vimekwisha kufunguliwa na kutundikwa ukutani. Kikiacha alama, tunasema kimeharibu. Ndiyo sababu fundi mwangalifu huweka kipande cha shaba, alumini au ubao laini kati ya meno ya jiliwa na kazi yake.

Upo ubaya mwingine mkubwa kuliko mikwaruzo, nao hauonekani mpaka umechelewa. Chukua pete ya chuma chembamba, ifunge kwenye mashine ya kukereza yenye meno matatu, ikaze kwa nguvu zako zote, kisha ichonge ndani mpaka tundu liwe duara kamili. Lipime: ni duara. Sasa legeza meno. Pete inapumua, inarudi kwenye umbo lake, na lile tundu linakuwa na pembe tatu. Halikuwa na kosa lolote lilipokuwa limebanwa. Ukamilifu wake ulikuwa wa kifungoni. Nimewaona vijana waliolelewa hivyo, nyumbani na shuleni, wanyofu kabisa mbele ya anayewabana. Na nimewaona wazazi wao wakishangaa siku mkono ulipoondolewa. Pete ile ilihitaji kushikwa, la sivyo ingeruka. Ilihitaji kushikwa kwa mshiko mpana, uliozunguka mwili wake wote, usioegemea nukta tatu.

Sisi wa Fizi tunajua pia kushikwa kunakokatika ghafla. Vita vya 1996 viliwavusha wengi ziwa hadi Kigoma na kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka huo huo. Kuanzia 2005 wengi walirudi kwa meli. Na bado watu wanakimbia. Jiliwa la kilo 20 halibebwi kichwani pamoja na mtoto na gunia. Linafukiwa, au linaachwa na kuibiwa. Ndiyo maana nakiheshimu kibano cha springi. Ukikipoteza hujapoteza ghali, na popote palipo na gari bovu na moto unaweza kukitengeneza tena, mradi unajua mahali pa kuweka bolti.

Mzee mmoja fundi aliwahi kunipinga, na hoja yake nzito sijaimaliza. Alisema: "Ukiondoa mtoto kwenye kushika, umemwondoa kwenye kujifunza. Mimi nilijua chuma kwa viganja." Ni kweli. Aliyeshika anahisi mtetemo ukibadilika sekunde moja kabla ncha haijatoboa upande wa pili. Anajua chuma kinavyojivuta kikipoa baada ya kuchomelewa, maana kimemvuta yeye. Ujuzi huo haumo kwenye mchoro.

Lakini kujifunza kwa viganja ni jambo moja, na kuungua kila siku kwa sababu hakuna aliyejisumbua kutengeneza kibano ni jambo jingine. Mtoto ashike mara chache, kwa kazi zinazomfundisha, akiwa amevaa glavu na kinga ya macho, huku akielezwa anachokihisi. Siku zilizobaki chuma kishikwe na chuma. Na mikono iliyoachiwa isitumwe tu kununua sigara na maji. Huo ungekuwa usaliti wa pili, baada ya ule wa kumwacha aungue. Apewe chaki na pembemraba, apewe tupa, apewe kipande cha springi kilichokwisha kulainishwa majivuni na aambiwe atengeneze kibano chake mwenyewe. Mfereji utapinda, na matundu hayatalingana. Kabla hujayatazama hayo, mwambie akifunge mezani, na uangalie bolti ameiweka wapi.